Goli Linaanzia Ukutani

Siku timu yetu ilipocheza mechi yake ya kwanza ya Kombe la Dunia, sebule ya Fundi Makochi ilijaa mpaka mkewe akakosa pa kuweka sinia la chai. Waliowahi walikaa kwenye makochi ya wateja yaliyokuwa yakisubiri kitambaa kipya, waliochelewa wakakaa juu ya marundo ya sponji, na watoto wakaning'inia dirishani. Kinyozi wa jirani alikuja na taulo begani, kamwacha mteja wake dukani kanyolewa upande mmoja. Baada ya muda mteja mwenyewe akaingia na kichwa chake nusu kwa nusu, akasogezewa nafasi, wala hakuna aliyemcheka. Siku ya mpira kila mtu anasamehewa alivyo.

Mama yake Fundi, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi, alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha mikono, kimeegemezwa ukuta wa nyuma. Macho yake yalishachoka. Kwenye televisheni aliona mwanga tu unaotembeatembea. Miguu nayo ilikuwa imemgomea tangu mvua zilizopita. Lakini alikataa katakata kubaki chumbani.

"Nitasikiliza," alisema. "Macho yamezeeka, masikio bado msichana."

Mchezo ukaanza. Watu wakala kucha, wakamfundisha kocha kazi, wakamtukana refa kwa adabu kwa kuwa Bibi alikuwepo. Halafu, mpira ukiwa bado katikati ya uwanja, miguuni mwa kiungo wetu yule asiyejua haraka ni nini, sauti ikapasuka upande wa pili wa ukuta.

"Goooli! Goli, jamani! Goli!"

Watu wakatazamana. Kwenye televisheni hakukuwa na goli wala dalili ya goli. Kiungo akageuka, akatoa pasi. Winga akakimbia nayo, akamwaga krosi, mshambuliaji akaruka, akapiga kichwa, wavu ukatikisika. Sebule ikashangilia, ndiyo, lakini walishangilia jambo walilokwisha kuambiwa.

"Huyo mchawi au?" aliuliza yule wa kichwa nusu.

"Mchawi gani? Huyo ni Kipaza," alisema kinyozi. "Ana redio. Redio inasema palepale. Hii picha yetu lazima ipande kwanza mbinguni, izunguke, ndipo ishuke kwenye dishi. Ikifika, mwenzetu keshashangilia, keshakaa."

Watu wakaangua kicheko. Fundi Makochi hakucheka. Alijifanya anatafuta rimoti, nayo ilikuwa mkononi mwake. Bibi alikuwa ameegemeza kichwa ukutani, kafumba macho, anatabasamu.

"Mwanangu ana afya," alisema, si kwa mtu yeyote hasa.

Kipaza alikuwa mdogo wake Fundi, tumbo moja. Jina la Kipaza alipewa utotoni kwa sababu ya koo lake, maana alikuwa akiitwa na mama yake aje kula, mtaa wa pili wanasikia anavyoitika. Nyumba ile ilikuwa ya baba yao, na sebule hiyo zamani ilikuwa moja, ndefu, yenye mlango mbele na mlango nyuma. Sasa ilikuwa imekatwa katikati kwa ukuta wa tofali moja moja, ambao Fundi aliujenga mwenyewe kwa siku moja ya hasira. Ndiyo maana ulipinda. Huku kulibaki televisheni na Bibi. Kule kulibaki redio.

* * *

Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka mingi. Kipaza alichonga fremu, Fundi akavalisha sponji na kitambaa, na mteja hakujua mkono wa huyu unaishia wapi na wa yule unaanzia wapi. Mpaka ilipokuja kazi ya seti nzima kwa mtu aliyekuwa akipokea wakwe. Kipaza alisema mbao ni mbichi, zingoje. Fundi akasema mteja hangoji. Mbao zikachongwa hivyo hivyo. Siku ya ugeni, baba mkwe alikaa, akaegemea kwa raha zake, na kochi likamlaza chali na miguu juu. Fundi alipoitwa aje kueleza, mbele ya mteja na wakwe zake wote, alimnyooshea kidole mdogo wake.

"Ni huyu," alisema. "Mikono anayo, akili ya mikono hana."

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole la Fundi lingepona kwa wiki moja. Ulimi ule ulikuwa unaingia mwaka wa pili. Kipaza aliapa kuwa mguu wake hautavuka tena kizingiti cha kaka yake, Fundi naye akamwambia asithubutu, na ukuta ukajengwa. Majirani hawakujitia katikati. Ndugu wakigombana, wewe shika jembe ukalime.

Kwa muda Bibi ndiye aliyekuwa daraja. Kila asubuhi alichukua fimbo yake, akazunguka nyumba kwa uchochoro mpaka mlango wa nyuma, akanywa chai ya mwanawe mdogo, akarudi kunywa ya mkubwa. Miguu ilipogoma, daraja likakatika. Mke wa Fundi alipeleka salamu na kurudisha salamu, lakini salamu ya kubebwa na mtu hupoa njiani. Bibi hakulalamika. Alichofanya ni kuomba kiti chake kihamishwe kutoka dirishani, kiegemee ukutani.

* * *

Kombe likaendelea na mtaa ukazoea. Kwa kweli mtaa ulipenda. Kila timu yetu ilipopanda na mpira, mtu alisema "Shhh, sikilizeni ukuta," na watu wazima wenye wake na watoto wakageuza shingo kutoka kwenye picha ya rangi, wakautazama ukuta wa tofali usiopigwa hata chokaa. Ukuta ukikaa kimya, wakashusha pumzi: hakuna kitu, huyo atakosa. Na kweli anakosa. Ukuta ukipiga kelele, walisimama kabisa wakangoja goli kama watu wanaompokea mgeni kituoni. Mama muuza mkaa, ambaye kabla ya hapo alikuwa hajui mpira una pembe ngapi, alikuwa sasa anakuja na kigoda chake na kukaa upande wa ukuta. Alisema huko ndiko mechi iliko.

Bibi naye alikuwa na mechi yake ndani ya mechi.

"Mwenyewe leo hajala," alisema siku moja baada ya goli la mapema. "Sauti haina shibe." Mke wa Fundi akafunika sahani, akazunguka nayo uchochoroni, akamkuta shemeji yake kweli hajaweka kitu tumboni tangu asubuhi.

Siku nyingine akasema, "Kifua kimembana huyo. Mpelekee tangawizi." Na ilikuwa kweli.

Fundi alisikia hayo yote na yalimuuma kwa namna ambayo hakuweza kuisema. Yeye ndiye aliyenunua dishi. Yeye ndiye mwenye sebule, mwenye chai, mwenye makochi yanayokaliwa na mtaa mzima. Na bado watu walikuja kwake kumsikiliza mwingine. Alijaribu kuongeza sauti ya televisheni. Kipaza hakuwa mtu wa kushindwa na televisheni.

Siku ya hatua ya kumi na sita bora, alikuja mgeni mwenye uzito, meneja wa hoteli mpya inayojengwa barabarani. Alikuwa anatafuta fundi wa viti vyote vya ukumbi wake wa chakula. Kazi ya namna hiyo fundi wa mtaani huipata mara moja maishani, au haipati. Meneja alipima mishono kwa kidole, akabonyeza sponji, akauliza gundi ni ya aina gani, na alipoona watu wanaanza kuingia, akaomba naye abaki aone mpira. Fundi akamkalisha kwenye kochi zuri kuliko yote na akawatimua watoto waliokuwa wakimpumulia shingoni.

Ilikuwa mechi ngumu. Mpaka mwisho wa kipindi cha pili wavu ulikuwa haujaguswa. Meneja alikuwa ameinama mbele, tai imelegea, keshasahau umeneja. Ndipo ukuta ulipolipuka.

"Goooli! Wameenda! Wameenda hao!"

"Ah!" meneja akasema na kuegemea nyuma. "Kaniharibia." Akacheka, mtu mwenye roho nzuri. "Nani huyo?"

"Mdogo wake mwenye nyumba," kinyozi akajibu bila kufikiri.

"Mdogo wake?" Meneja akageuka kumtazama Fundi. "Sasa mbona yuko huko na sisi tuko hapa?"

Mama muuza mkaa alijitia kurekebisha khanga. Fundi alihisi uso wake unawaka. Alikuwa na mambo kumi ya kumjibu mtu huyu, na moja tu ndilo la kweli, nalo hakutaka kulisema. Akainuka, akaenda ukutani, akaupiga kwa kiganja mara mbili juu ya kichwa cha mama yake.

"Wewe! Funga mdomo wako! Asiye na televisheni asituharibie sisi tulio nayo!"

Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza aliyomwambia ndugu yake tangu ukuta ujengwe.

Kwenye picha goli likaingia. Wawili watatu wakapiga makofi. Upande wa pili, kelele ilikatika katikati ya neno, na haikurudi. Bibi alishusha kichwa chake kutoka ukutani na kuikunja mikono mapajani. Mechi ilipokwisha, timu yetu imeshinda, watu walitoka wakiaga kwa sauti ndogo. Meneja alishukuru kwa chai na kusema atarudi siku ya nusu fainali, tukifika, kutoa jibu la kazi.

* * *

Robo fainali tulicheza vizuri kuliko siku zote. Sebule ilijaa vilevile. Mpira ulipopanda, mtu akasema kwa mazoea "Shhh," watu wakageuza shingo, ukuta ukakaa kimya, wakashusha pumzi. Hakuna kitu. Na goli likaingia palepale, wakiwa wameshika vikombe.

Lilikuwa goli safi, halijaguswa na mtu, hakuna aliyelisimulia kabla. Ndilo Fundi alilokuwa akilitaka siku zote. Watu waliruka, naye akaruka, lakini alipotua aliona kwamba kila mmoja, baada ya kushangilia, alitupia jicho ukutani. Naye pia alitupa la kwake. Alishangaa jinsi goli lilivyokosa ladha, chai isiyo na sukari.

"Hayupo labda," alisema mama muuza mkaa.

"Yupo," kinyozi akamjibu. "Nimempita anaingia na redio yake."

Kiti cha mikono kilikuwa kitupu. Bibi alikuwa chumbani. Alipokwenda kuitwa alisema, "Mpira gani huo wa mabubu? Nendeni nyinyi." Jioni mke wa Fundi alimpelekea chakula akakirudisha karibu kilivyo. Kesho yake akala vijiko viwili na kusema ameshiba. Hakuwa mgonjwa wa kitu cha kupeleka hospitali. Alikuwa amelala tu, uso kaelekeza upande wa ukuta, na ukuta wa chumbani haukupakana na mtu.

Mke wa Fundi alikuwa mwanamke wa maneno machache, na machache hayo alikuwa ameyabana tangu mechi ile. Alimfuata mumewe alikokuwa akikata kitambaa, akasimama mbele ya mwanga.

"Baba watoto, leo unisikilize. Ulidhani unamziba mtu mdomo. Ulimziba mama yako masikio."

"Nilikuwa na mgeni..."

"Mgeni huyo alikujua siku ileile. Mama yako alikuwa na dakika chache tu za kumsikia mwanawe kwa juma zima, ukazichukua." Akaokota kipande cha kitambaa kilichoanguka, akakiweka mezani. "Sikwambii cha kufanya. Nakwambia hajala."

Fundi alikaa na mkasi wake mkononi. Aliona haya, haya za kweli, zile zinazomfanya mtu mzima atamani kuwa na mtu wa kumtuma. Lakini nani wa kutumwa kubeba msamaha? Na angebisha mlango wa nyuma aseme nini? "Nimepita tu"? Mtu hapiti tu kwenye mlango ambao hajaukanyaga tangu aujengee ukuta. Alihitaji sababu. Akazungusha macho sebuleni, akaona kiti cha mama yake.

Kiti kile kilikuwa kazi ya mwisho waliyoifanya wawili kabla ya mambo kuharibika. Fundi akakipindua. Akachomoa pini za stapla moja moja, akafunua kitambaa cha chini. Akachukua nyundo na patasi ndogo.

"Unagonga nini?" Bibi akaita kutoka chumbani.

"Kiti chako, Mama. Mguu umelegea."

"Umelegea lini? Juzi nilikikalia hakina neno."

"Umelegea leo."

Kitanda kikalia, Bibi akijigeuza.

"Basi kipeleke kwa aliyeuchonga," alisema Bibi. Kama alitabasamu, alitabasamia mto.

* * *

Fundi alikibeba kiti kichwani akazunguka uchochoroni. Mtaa mzima, ambao saa hiyo ulipaswa kuwa na kazi zake, haukuwa na kazi nyingine. Kinyozi alisimamisha wembe hewani.

"Fundi, kiti unakipeleka wapi?" aliita mama muuza mkaa.

"Kwa fundi."

"Fundi si wewe?"

"Wa mbao," alisema Fundi, akakaza mwendo.

Kipaza alikuwa nyuma ya nyumba chini ya bati, anapiga randa ubao wa mlango. Alimwona kaka yake akiingia na kiti kichwani, akamalizia mkwaruzo aliokuwa nao, akapuliza vumbi. Hakusema karibu. Hakusema ondoka.

"Kiti cha Mama," Fundi alisema. "Mguu umelegea."

Kipaza alipangusa mikono kwenye suruali. Kwa mama yake hakuwa na ubishi. Alikipindua kiti juu ya meza ya kazi, akatikisa mguu, ukacheza. Akainama, akatazama kitambaa cha chini, akapitisha kidole kwenye mstari wa stapla.

"Hizi stapla ni mpya."

"Eh."

"Za leo."

Fundi akatazama mchanga. Kipaza akafunua kitambaa, akachungulia.

"Mguu wa kiti changu haulegei," alisema polepole. "Naweka gundi, halafu natoboa tundu napigilia pini ya mti, inapita huku inatokea huku. Pini hiyo haitoki yenyewe. Ili itoke, mpaka mtu aigonge, na mtu mwenyewe awe anajua iliko." Akanyoosha mgongo. "Pini iko wapi?"

Fundi aliingiza mkono kwenye mfuko wa shati. Akaitoa, kijiti cha mti kirefu kama kidole cha mtoto, akakiweka mezani.

Kitu kikapita usoni mwa Kipaza, karibu kiwe kicheko, akakishika kabla hakijatoka.

"Hajala," Fundi akasema. "Tangu uliponyamaza, mama hajala sawasawa. Amehama kitini."

Kipaza akaacha kila kitu. "Mama ndiye aliyekuwa akikaa hapo? Karibu na ukuta?"

"Siku zote. Kila goli. Anajua umekula, anajua hujala. Anajua kifua chako." "Mdogo wangu, zile mbao zilikuwa mbichi. Uliniambia, na mimi nilijua. Nikakusingizia mbele ya mteja."

"Mbele ya mteja na wakwe zake."

"Mbele ya mteja na wakwe zake. Nisamehe."

Kipaza alichukua pini, akaigeuza, akapangusa gundi kavu kwa ukucha. Hakuwa mtu wa kinyongo cha asili. Kinyongo hiki alikuwa amekilea kwa shida, na sasa kuachana nacho ghafla kulimtia uchungu.

"Kaka, mimi nimekusikia," alisema. "Lakini tazama. Kunitukana umenitukana mara mbili, na mara zote mbili palikuwa na watu. Msamaha unaniletea hapa, mimi na wewe na randa. Huu nani ataujua?"

"Unataka niseme wapi?"

"Mimi sitaki kitu. Kiti kitakuwa tayari kesho." Akarudi kwenye ubao wake.

* * *

Kesho yake ilikuwa nusu fainali. Maduka yalifungwa alasiri, na barabara ikawa tupu hata mbwa wakalala katikati. Sebule ya Fundi haikubaki na pa kuchomeka mguu. Meneja alikuja kama alivyoahidi, safari hii bila tai, akabanwa kati ya kinyozi na yule mteja, ambaye kichwa chake sasa kilikuwa kimenyolewa chote. Bibi alishawishiwa atoke, akawekwa kwenye kochi la mteja. Alikaa ukingoni, mkono wake ukitafuta ukuta usiokuwepo.

Timu zilikuwa zimejipanga, nyimbo za taifa zinapigwa, ndipo Fundi aliposimama mbele ya televisheni.

"Toka hapo, tunaona mgongo!" mtu akapiga kelele.

"Dakika moja," alisema Fundi. Akachukua rimoti, akazima sauti. Watu wakaguna. Alimtazama meneja, akaiona kazi ya ukumbi mzima ikiwa imekaa pale kwenye kochi na mikono magotini. Kisha akageukia ukuta, akausogelea, akasema kwa sauti ya mtu anayesemesha mtu aliye mbali.

"Mdogo wangu! Nisikie, na hawa wasikie. Kochi lile lililomwangusha mkwe wa watu, fremu yako haikuwa na kosa. Mbao zilikuwa mbichi, ukanikataza, nikakulazimisha kwa tamaa ya kumaliza kazi. Nikasema huna akili ya mikono. Asiye na akili nilikuwa mimi. Na juzi nimekwambia ufunge mdomo mbele ya watu hawahawa. Mbele yao nasema, nisamehe."

Ikasikika sufuria ikichemka jikoni. Fundi hakuthubutu kugeuka. Ukuta haukusema kitu. Akangoja. Kinyozi akakohoa. Kwenye picha refa alikuwa ameinua mkono, mpira umeanza bila sauti, na kwa mara ya kwanza tangu Kombe lianze hakuna aliyeutazama.

Kisha watoto wa dirishani wakaanza kupiga makelele. "Anakuja! Anakuja!"

Kipaza aliingia kwa mlango wa mbele na kiti kichwani, redio ikining'inia begani kwa kamba. Kwenye kizingiti alisita kidogo, maana alikuwa amekiapia. Kinyozi akampungia taulo kutoka kwenye kochi.

"Vuka bwana, goli litaingia umesimama!"

Akavuka. Alishusha kiti, akakiegemeza ukutani palepale kilipokuwa, akakitikisa mbele ya watu wote. Hakikucheza. Bibi alikuwa ameshanyoosha mikono miwili kabla hajaguswa. Mwanawe alipoinama alimpapasa uso, paji, masikio, kidevu.

"Umekonda," alisema.

"Mama, unanisikia tu hunioni."

"Nasikia umekonda."

Watu wakacheka na wengine wakapangusa macho wakisingizia moshi wa jikoni. Meneja alikuwa anamtazama Fundi. "Kwa hiyo viti vyangu," alisema, "fremu atachonga nani?"

"Yeye," alisema Fundi. "Na akisema mbao zingoje, zitangoja."

"Basi tutaongea baada ya mpira." Meneja akasogea kwenye kochi, akapiga sponji kwa kiganja. Kipaza akashukuru lakini hakukaa hapo. Alikaa chini, miguuni mwa mama yake, akaiweka redio sikioni na kuipunguza sauti mpaka akawa anaisikia peke yake. Fundi akawasha sauti ya televisheni.

Kipindi cha kwanza hakikuwa na kitu. Cha pili tulibanwa golini mwetu, watu wakasahau hata kutukana. Zikabaki dakika chache. Kipa wetu akadaka, akarusha mbele, na kwenye televisheni mpira ukawa bado unaruka hewani, haujulikani wa nani.

Fundi alitupa jicho miguuni mwa kiti. Kipaza alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja viwili, kimoja juu ya kingine, macho yamemtoka, mashavu yamejaa, mwili mzima unatetemeka kwa kuzuia. Alikuwa anawatunzia wenzake goli lao. Machozi yalikuwa yanamtiririka juu ya vidole. Fundi akaacha kutazama televisheni. Alimtazama mdogo wake, na goli lote, kuanzia pasi mpaka wavu, akaliona pale.

"Goooli!" Fundi akapasuka. "Goli, jamani! Goli!"

Sebule nzima ikamgeukia. Mpira ulikuwa bado haujatua.

"Na wewe tena!" kinyozi akalia.

Bibi akainua kichwa, akatega sikio huku na huku, mkono wake ukiwa kwenye nywele za mdogo.

"Huyo aliyepiga kelele ni nani?" aliuliza. "Hiyo sauti siijui."

"Ni mimi, Mama," alisema Fundi.

"Wewe?" Bibi aliifikiria. "Kumbe unayo. Hebu piga tena."